Usalama wa mtaa: sisi mara ya kwanza tulipiga kelele tukaambulia patupu

Mleta mada, umesema hapo Pasua, Moshi, kuna kichochoro cha giza ambacho wadogo zenu wa kike hupita wakitoka tuisheni, na mlipolisema mkutanoni mkajibiwa "ninyi watoto, someni kwanza". Poleni. Huku Arusha yalitukuta hayo hayo, ila kosa kubwa lilikuwa letu.

Kwetu tatizo lilikuwa korongo. Wenyeji wanajua: mtaani jua linawaka, kumbe Mlima Meru mvua inapiga, mara maji ya tope hayo yanashuka kwa kishindo. Watoto wa shule walikuwa wanavuka kwa magogo mawili. Aprili 2024 gari la shule liliposombwa na mafuriko hapa hapa jijini na wanafunzi wakafa, tulipandwa na hasira. Tukaenda mkutano wa mtaa kundi zima, tukafoka kwamba viongozi wamelala. Mwenyekiti akatuacha tumalize. "Asanteni vijana. Ajenda inayofuata, taka." Basi. Wiki iliyofuata nikamwomba mtendaji anionyeshe muhtasari. Suala letu halikuwamo hata mstari mmoja.

Hapo ndipo tulipozinduka. Neno lisiloingia kwenye muhtasari halipandi popote. Muhtasari ndio unaobebwa kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, na kutoka huko ndipo halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanasikia.

Safari ya pili tulikaa pale kwa zamu siku tano, alfajiri, tukihesabu watoto kwa vijiti kwenye daftari. Kambi yetu ilikuwa kwa mama mmoja muuza vitumbua (nauli yangu yote iliishia kwenye karai lake). Siku waliyopita wachache walikuwa 118. Tukasimika mti korongoni, tukauchora mistari kila futi kwa rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu. Mvua ilipokuja, maji yalifika mstari wa nne kabla mama hajaepua vitumbua vilivyokuwa motoni. Tukapiga picha.

Mkutanoni hatukuanza sisi. Alisimama yule mama, kanga kiunoni: "Mwenyekiti, hawa watoto ninawavusha mimi kwa mkono. Siku nikiumwa, nani atawavusha?" Hakuna aliyekohoa. Ndipo tukasoma hesabu yetu na kukabidhi barua nakala mbili, moja ikagongwa muhuri ikarudi kwetu.

Mbao na kamba ya kushikilia zilipatikana kwa michango ya mtaa ndani ya wiki mbili. Kivuko cha zege kilikuja baadaye sana, na ile nakala yenye muhuri ilichakaa kwa kutolewa mfukoni.

Sasa lenu lina tofauti: korongo halilipi kisasi. Kama kuna watu mnaowashuku pale kichochoroni, msiwataje hadharani. Mkutano huo huo huenda shemeji wa mmoja wao amekaa nyuma yenu. Majina mpelekeeni polisi kata, faragha, mkiwa na mzazi. Na kama kuna mtoto aliyeguswa tayari, msisubiri kikao chochote, pigeni 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto.

Mkutanoni pelekeni giza lenyewe. Hesabuni wasichana wanaopita baada ya saa moja usiku, hesabuni nyumba zinazopakana na njia, na ni ngapi zina taa ya nje. Taa za barabarani ziombeni kwa barua, lakini msizingoje. Piteni kwa wenye nyumba mmoja mmoja, mwombeni kila mmoja balbu moja itazame njia. Kuna atakayelalamikia luku, umeme wa kulipia kabla. Huyo mrudieni na bibi wa jirani yake.

Wenye miaka 18 kwenda juu ni wajumbe halali wa mkutano wa mtaa, si wageni waalikwa. Fikeni mapema, mkae mbele, na kabla ya kuondoka mwombeni mtendaji awasomee alichoandika.