Muulize Fundi: Injini Inalia, Pikipiki Haipandi

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda kati ya Mombo na Lushoto, natumia Boxer 150. Siku hizi nikianza kona za kupandia Soni nikiwa na gunia la viazi nyuma, navuta mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Kwenye tambarare haina shida. Fundi mmoja anasema injini imechoka, nifanye ovahoo, yaani ifunguliwe yote. Mwenzangu wa kijiweni anasema ni klachi, niongeze washa (vile vipete vya chuma) kwenye springi itakamata. Nimsikilize nani?
Dereva, Soni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo wa ovahoo muache kabisa. Injini iliyochoka haipandishi kelele mlimani, inazishusha. Unavuta mafuta inazidi kulegea, na mara nyingi inatoa moshi wa bluu. Yako nguvu inayo, ila haifiki kwenye tairi la nyuma.

Mwenzako wa kijiweni ugonjwa ameupatia, dawa ameikosea. Ila kwanza tuiondoe cheni kwenye orodha ya washukiwa. Sproketi ikiwa imeliwa meno, cheni huruka na utasikia inagonga, pikipiki inashtuka. Klachi inateleza bila kugonga: resi zinapaa tu, na ukiendelea kuilazimisha unapata harufu ya kuungua.

Ukishuka Mombo, tafuta kipande kilichonyooka kisicho na magari. Weka gia ya juu, nenda mwendo wa wastani, halafu vuta mafuta kwa ghafla. Kama mlio unakimbia na pikipiki inafuata kwa uvivu nyuma yake, hiyo ni klachi. Usilirudierudie jaribio hili, kwa sababu kila klachi ikiteleza unazidi kuunguza pleti.

Umesema tambarare haina shida. Ndivyo inavyoanza. Ndani ya klachi kuna pleti za msuguano zimepishana na pleti za chuma, na springi ndizo zinazozibana pamoja. Ukiwa huna mzigo, hata kubana hafifu kunatosha. Gunia na mlima ndivyo vinavyoumbua.

Sasa spana usiishike. Shika waya wa klachi. Ukiwa na injini baridi, vuta mkono wa klachi taratibu kwa kidole kimoja. Ncha yake inatakiwa itembee bure kama milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi uzito. Ikiwa imekaza tangu mwanzo, waya unazivuta springi muda wote, ni kama unaendesha huku umeshika klachi nusu. Madereva wengi huikaza wenyewe ili isiwe na mchezo mkononi, wanaona ndiyo raha. Legeza nati ya kufungia, rekebisha pale mkononi, na pasipotosha rekebisha ule upande wa chini kwenye injini. Kisha kunja usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Kama uhuru unapotea ukikunja, waya umepitishwa vibaya au umebanwa. Hapo nimeona watu wengi wakipona bila kununua hata springi moja.

Jambo la pili ni oili. Klachi ya Boxer inaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo oili ya injini ndiyo oili ya klachi. Uliweka ipi mara ya mwisho? Kama ulimwagiwa oili ya gari dogo kwa sababu ilikuwa bei nzuri, hasa hizi nyepesi za kuokoa mafuta, ndani yake kuna dawa za kupunguza msuguano. Injini ya gari inazipenda, pleti zako zinazichukia. Kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA au MA2. Ukiona MB iache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili. Uzito fuata kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki zetu nyingi ni 20W-50. Mwaga ya zamani ikiwa ya moto, weka sahihi, tembea siku chache, mwaga tena. Pleti ambazo hazijaungua mara nyingi hurudi kushika.

Vyote hivyo vikishindikana, fungua kava la kulia. Bolti zake hazilingani urefu, kwa hiyo chora kava kwenye boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, utapasua aluminiamu, na hapo ndipo gharama inapoanza kweli. Ukitoa pleti zipange kwenye gazeti kwa mfuatano ule ule. Pleti mpya nyingi za msuguano za pikipiki za saizi hii zina unene wa karibu milimita 3. Zikishuka kuelekea 2.6 zimekwisha. Fundi asiye na kifaa cha kupimia anakisia, na wewe ndiye unayelipia makisio. Pleti za chuma ziangalie rangi: madoa ya bluu ni alama ya joto kali. Zilaze juu ya kioo, inayocheza imepinda, badilisha.

Springi pima urefu, ulinganishe na mpya. Zikiwa fupi, nunua seti nzima. Washa hapana. Ukiweka washa unaisukuma springi ibane zaidi ya ilivyoundwa, mkono wa klachi unakuwa mzito, waya unakatika haraka, na zile nguzo zinazoshika bolti zinaweza kupasuka. Kupiga msasa pleti nako ni kununua wiki mbili.

Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi usiku kucha kabla ya kuzifunga. Bolti za springi kaza kwa kuvuka, moja kisha ile inayotazamana nayo, kidogo kidogo, bila kuonyesha ubabe. Na kwa kuwa kava liko chini tayari, safisha chujio la oili. Utashangaa uchafu uliomo.

SWALI: Fundi, nina pikipiki nimempa kijana aniletee hesabu ya kila siku. Kila baada ya miezi michache ananiambia klachi imekufa, ananidai hela ya pleti. Nahisi naibiwa.
Mama, Tanga

JIBU: Mama, shikamoo. Inawezekana unaibiwa, inawezekana pia anakuharibia tu. Hayo mawili yana matibabu tofauti. Kuanzia leo sema hela ya pleti mpya inatoka pale tu zile za zamani zinapowekwa mezani kwako. Zikiletwa bado zina mistari yenye kina na unene mzuri, mazungumzo yabadilike. Zikija nyeusi, zinanuka kuungua, kijana hakudanganyi, ila anaendesha kwa kushikilia klachi nusu: kwenye foleni, kwenye mchanga, akisubiri abiria mlimani badala ya kushika breki. Panda nyuma yake siku moja, umwangalie vidole vya mkono wa kushoto. Vikiwa juu ya klachi safari nzima, umepata jibu.

Na mshikaki je? Abiria watatu kwenye pikipiki ya mmoja, kila siku, hakuna pleti itakayovumilia. Muulize hilo pia, ila muulize kwa upole, maana wengine wanabeba watatu kwa sababu hesabu uliyowapangia haifikiwi na abiria mmoja mmoja.