Bunduki za kifahari za Kifaransa: anza na mtambo, nakshi baadaye

Ninyi mnaoanza kazi ya kuorodhesha silaha za kale, iwe kwenye makumbusho au kwenye minada, mapema tu mtakutana na bastola za Nicolas-Noël Boutet, na zitawapumbaza. Boutet aliongoza kiwanda cha silaha cha Versailles hadi kilipofungwa mwaka 1818, na kazi zake bora zilitolewa zawadi na Napoleon. Dhahabu, fedha, mti uliochongwa: hakuna aliyemshinda kwa urembo. Lakini silaha ya zawadi mara nyingi ilikaa kwenye sanduku lake. Ukiikuta ing'arayo kama mpya, umejua kwamba haikutumika. Kama ni imara, bado hujajua.

Kwa hiyo kagueni mtambo, yaani sehemu zinazowasha baruti. Linganisheni na Jean Lepage wa Paris, aliyewauzia Louis wa 16, Napoleon na Louis wa 18. Kwenye gumegume zake nzuri (silaha zinazowashwa kwa cheche za jiwe), tundu la kupitishia moto limevikwa platini. Chuma kitupu huliwa na baruti, tundu likapanuka na nguvu ikavujia pembeni. Platini hailiki upesi. Tazameni pia kigurudumu kidogo kwenye springi ya kifuniko cha baruti, kinachokifanya kifunguke bila kukwama. Hayo mnunuzi wa leo hayaoni, na ndiyo yaliyompa mpigaji uhakika. Mimi nikiambiwa nichague, namchukua Lepage.

Fundi Casimir Lefaucheux alihamisha swali lote, kutoka kuwasha baruti hadi namna ya kupakia. Katika miaka ya 1830 alitengeneza bunduki inayokunjuka kwenye bawaba na kupakiwa kwa nyuma, yenye risasi iliyochomoza pini ubavuni. Mwaka 1851 ilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya London, na mafundi wa Uingereza wakaanza kuinakili. Kupakia kulikuwa kwa haraka ajabu. Ila pini ile ikigongwa vibaya huweza kulipua, na ndiyo maana mifumo ya kugonga katikati ya kitako cha risasi iliishinda baadaye.

Sasa mtego unaowanasa wengi: jina lililo juu ya mitutu ni la mwenye duka, si lazima liwe la aliyefua mitutu. Duka kubwa la Paris kama Gastinne-Renette liliweza kuagiza mitutu kwa Léopold Bernard, bingwa wa damaski, yaani vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto. Ikiwa mnaruhusiwa, ondoeni mti wa mbele, ule ulio chini ya mitutu, msome chini ya mitutu. Mhuri wa Bernard huko ni habari nzito kuliko nakshi zote za juu.

Kwa kutegemeka peke yake, mshindi wangu hatoki Paris kabisa. Ni Darne, mtengenezaji wa Saint-Étienne, mji mwingine wa Ufaransa. Mitutu yake haikunjuki. Ukiinua wenzo wa juu na kuuvuta, sehemu ya nyuma huteleza kuja kwako kwa mstari ulionyooka, na ukiirudisha husukuma risasi mpaka ndani. Hata yenye nakshi ghali ina mwendo uleule na ile ya mwindaji wa kawaida.

Huko Saint-Étienne tafuteni pia mihuri ya nyumba ya majaribio, mahali mitutu hupimwa nguvu kabla ya kuuzwa. Herufi PT zina maana mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi ya aina ya T. Ziandikeni kwenye kadi, na atakayewauliza kama bunduki ya damaski inaweza kupigwa leo, mpelekeni kwa fundi mwenye leseni. Ninyi msimjibu.