Mtu wa koma anaota huku anajua anaota?

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Mimi niko Wete. Kaka yangu alianguka na vespa, leo siku ya kumi na moja yuko ICU Unguja hajazinduka. Nimesoma kwenye simu kuna ndoto mtu anaota huku anajua anaota na anaweza kuiongoza anavotaka. Kuna mzee huku anasema kaka ndo yuko humo, kakwama ndani ya njozi, na yeye anaweza kumfata akamtoa ila lazima usiku tumtie dawa yake mdomoni. Kweli mtu wa koma anaota hivo? Na anatuskia?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, pole sana, Mwenyezi Mungu amsimamie kaka. Kwanza hiyo dawa msimtie, hata tone, sababu nitakwambia mbele.

Swali hili naletewa mara kwa mara na wala halinichoshi, kinachonichosha ni lile neno "amelala". Ndugu wanafika kitandani wanasema si kalala tu huyu, na aliyelala si huamshwa? Basi ndo mtu anapigwa vibao vya uso, anafikichwa kifua, ananusishwa vitunguu, anapigiwa makelele sikioni. Koma si usingizi jamani. Usingizi ni kazi ambayo ubongo unaifanya wenyewe na una zamu zake, unazama, unapanda, na kila dakika tisini hivi unapita kwenye hatua inayoitwa REM, macho yanacheza chini ya kope, mwili umelegea kabisa, na ndoto zile kali nyingi zinaotwa hapo. Hiyo ndoto uliyoisoma kawaida iko humo humo na inataka zaidi, mana sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kujitambua lazima zichangamke huku mwili bado umelala. Mwaka 1975 kule Hull, Uingereza, Keith Hearne aliithibitisha hivi: alikubaliana na mtu anaitwa Alan Worsley kwamba akishajua yumo ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpango, na mashine ikayanasa macho yale huku mwenyewe yuko usingizini. Ubongo wa kufanya vile ni mzima na uko kazini.

Kwenye koma, kile kinachouamsha ubongo kule kwenye shina lake kimeumia au kimezidiwa, au pande zote mbili za ubongo wa juu zimeathirika kwa pamoja, na zile zamu zimevurugika. Wa Unguja wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa umeme wa kutoka bara ulivoharibika, kisiwa kizima kikawa giza (nyie Pemba mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha). Mtu aliyelala kazima taa ya chumbani, ukibonyeza swichi inawaka. Koma ni kama wakati ule wa waya kuharibika, bonyeza swichi utakavyo, tatizo haliko chumbani. Kwa hiyo kaka akiwa kwenye koma hasa, hayumo kwenye ndoto ya kujijua na hakuna njozi ya mtu kumfata. Tena kwenye kipimo cha mawimbi ya ubongo tukiona mawimbi ya usingizi yameanza kurudi sie tunafurahi, ni dalili njema.

Sasa utaniambia mbona kuna watu wamezinduka wakahadithia ndoto ndefu. Ni kweli, nimewaskia mwenyewe. Kuna mmoja alituhadithia yuko kwenye boti ya Pemba bahari imechafuka na injini haizimi, kumbe ile injini ni mashine ya kupumulia pembeni yake. Lakini zile ni za siku za kutoka, koma inapungua, dawa za kulaza bado zimo mwilini, akili imevurugika, mtu anachanganya sauti za wodi na njozi na akizinduka anadhani ndo alivokuwa muda wote.

Na kuskia? Koma hasa mara nyingi haizidi wiki mbili mpaka nne, baadae mtu anazinduka, au anafariki, au anafungua macho bila kuonyesha kujitambua, na hawa wa mwisho ndo waliotufundisha tusiwe na haraka. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwambia binti wa miaka 23, macho wazi lakini hajibu chochote, afikirie anacheza tenisi, na skani ya ubongo ikawaka kama ya mtu asiye mgonjwa. Utafiti uliotoka 2024 ukakuta kama mmoja kati ya wanne wa hali hiyo ubongo wake unafata maagizo. Kwa hiyo muongeleshe kaka, mtaje jina, mwambie nyumbani kukoje, msomee Kurani kwa sauti ya kawaida. Ila hizi rikodi zinazouzwa kwenye simu eti zinamwongoza mgonjwa ndotoni, achana nazo, na usimwekee spika za masikioni usiku kucha, ubongo unaojaribu kurudi unahitaji usiku wake utulie.

Nirudi kwa huyo mzee. Mtu wa koma hamezi wala hakohoi sawasawa, ukimtia kitu mdomoni kinakwenda mapafuni, na nimeona mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri akafa kwa nimonia ya kijiko cha kombe alichonyweshwa saa nane usiku na watu wanaompenda. Dua ombeni, sana tu, ila asinyweshwe, na msiguse ule mpira wa puani. Na watu wanamuamini mganga kwa sababu wapo wanaoamka kweli mkononi mwake, kwa mfano wa kifafa, degedege ikisha analala fofofo kisha anaamka mwenyewe, sifa anachukua aliyekuwa anafukiza ubani. Lakini wa sukari iliyoshuka, wa kiharusi, wa homa ya uti wa mgongo, hao hawana muda huo. Sukari tunaipima kwa tone la damu ya kidole, akitiwa maji ya sukari kwenye mshipa pengine anafungua macho dakika chache tu, na wapo wanaoletwa kwetu wameshapitishwa nyumba mbili za waganga tangu asubuhi. Mtu akianguka hajijui mlazeni ubavu, asitiwe asali wala soda mdomoni, tafuteni gari saa hiyo hiyo.

Wewe kesho muulize daktari wa kaka mambo mawili, bado anapewa dawa za kulaza, na alama zake za Glasgow (kipimo cha jinsi mtu anavyojitambua) ngapi leo na ngapi wiki iliyopita. Ya chini kabisa ni 3, mzima ni 15, nane kushuka ndo tunaita koma. Niandikie hizo namba. Na huyo mzee akitokea wodini usiku, mwite nesi wa zamu.