Jibu: Pazia la jua kutokana na mabaki ya vitenge

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mabaki ya vitenge na mashuka makuukuu yanaweza kushonwa yakawa pazia la kuzuia jua la alasiri kwenye dirisha linalotazama magharibi. Yanaweza, ila ukiweza litundike nje ya kioo na si ndani, kwa kuwa jua likishapenya kioo, joto lake limekwisha kuingia chumbani. Fua vipande vyote kabla ya kuvikata, kwani kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa, na kila kipande hurudi kwa kiasi chake. Upande unaoelekea jua weka shuka jeupe, ambalo huakisi mwanga, na vitenge vikae upande wa ndani, maana rangi zake hupauka upesi juani.

Kuhusu uzi, chagua wa poliesta. Ule wa pamba huozeshwa na jua mapema, na pazia langu la kwanza liliachia mishono yote ilhali kitambaa chenyewe kilikuwa bado kizima. Pindo la juu na la chini yawe mapana kiasi cha kupitisha ufito, kwa sababu pazia lisilo na uzito chini hupeperushwa ovyo na upepo.