Uyoga haupelekei kitu

"Shikamoo, Mwalimu. Katika makala yangu nimeandika: 'Ulaji wa uyoga wenye sumu ulipelekea kifo, na vinasaba vya uyoga huo vilipelekea ukweli kujulikana.' Mwenzangu anadai vinasaba ni vya watu tu, uyoga hauna nasaba. Nani yuko sahihi?" Msomaji, Mafinga.

Marahaba. Wewe, kwa hilo. Nasaba ni neno la Kiarabu, maana yake ukoo. Tukalivika vi-, likawa jina la vinavyobeba urithi wa kiumbe chochote, mgomba na uyoga humo humo. Tena sheria yetu ya mwaka 2009 inaitwa ya Vinasaba vya Binadamu. Kama vingekuwa vya watu tu, hilo "vya Binadamu" lingekuwa la nini? Mpelekee mwenzako jibu hilo.

Umeona nilivyolitumia? Kumpelekea mtu ni kumfikishia kitu. Mama katoka porini na kikapu cha uyoga, kamwita mtoto: "Mpelekee bibi." Yupo anayetuma, yupo anayebeba, yupo anayepokea. Katika sentensi yako kabeba nani? Nauona huo uyoga umejitanda mgolole, umepanda basi Mafinga, umeshuka Uyole na kifo kwapani, unaulizia nyumba ya marehemu mtarajiwa. Nyuma yake vinasaba navyo vinahema na kifurushi cha ukweli. Mara mbili katika sentensi moja, ndugu yangu!

Ubaya wa neno hili ni kwamba linaficha kazi iliyofanyika. Sumu ya uyoga kama Amanita phalloides haiondoki kwa kupikwa. Mlaji hukaa saa 6 hadi 12, pengine zaidi, hajisikii kitu. Anapoanza kutapika, ini limeshaanza kuharibiwa na sufuria imeshaoshwa. Ndipo mchunguzi anapotafuta kipande kilichobaki, hata kwenye matapishi, anatoa vinasaba, anavizalisha kwa wingi maabara, anavilinganisha na vya uyoga unaojulikana. Vinamwambia ni uyoga gani. Sumu yenyewe hupimwa kwa kemia, na aliyeutia chunguni hatajwi na kipimo chochote kati ya hivyo. Sasa peleka "ulipelekea" yako mahakamani uone wakili atakavyoichezea.

Andika hivi: "Alikula uyoga wenye sumu, akafa, wachunguzi wakautambua kwa vinasaba." Kala, kafa, wakautambua. Kila kitenzi kina mwenyewe.

Mke wangu ananiambia vita hii nilishashindwa zamani. Juzi redio ilitangaza kuwa ukungu wa Kitonga "umepelekea magari kuchelewa". Akanitazama. Nilinyamaza, nikaendelea kula. Mboga ilikuwa uyoga wa karanga.