Maswali ya Wasomaji: Tapestry, gitaa na sindano ya santuri

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina santuri mbili za mwaka 1971: Tapestry ya Carole King na Mud Slide Slim and the Blue Horizon ya James Taylor. Zote zina wimbo "You've Got a Friend". Nikipiga gitaa kumfuata Taylor tunakwenda sawa, lakini kwa King gitaa langu linakuwa juu kidogo. Je, mashine inazunguka polepole?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiipeleke mashine kwa fundi kwanza. Taylor aliurekodi wimbo huo katika ufunguo wa A, King katika A fleti, yaani nusu toni chini. Taylor hufunga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya pili na kushika kodi (noti zinazopigwa pamoja) za ufunguo wa G. Kwa King, rudisha kapo freti ya kwanza, vidole vishike vilevile. Angalia pia unapoanzia: ubeti hauanzi na G bali na Em, kisha B7. Wanaokosea hapo hudhani kosa ni la santuri.

Kasi unaweza kuipima mwenyewe. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, washa, hesabu mizunguko 100. Kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inachukua sekunde 180 kamili. Ingekuwa imechelewa kwa nusu toni nzima, ungesoma karibu sekunde 191. Ukipata kati ya 179 na 181, mashine haina tatizo.

Na kufanana kwa rekodi hizo mbili hakukutokea kwa bahati. Zilitengenezwa Los Angeles karibu wakati mmoja, mwanzoni mwa 1971, na wapigaji walikuwa wakienda huku na huku: Danny Kortchmar kwenye gitaa, Russ Kunkel kwenye dramu. Taylor mwenyewe anapiga gitaa ndani ya Tapestry. Isikilize "So Far Away": piano, gitaa lake, besi ya Charles Larkey, na mwishoni filimbi ya Curtis Amy. Prodyuza Lou Adler hakujaza vyombo, akaiacha piano ya King mbele kana kwamba uko naye chumba kimoja. Hiyo ndiyo siri ya albamu hii, na ndiyo sababu haijazeeka hata ukiisikiliza leo.

SWALI: Tapestry yangu inasikika vizuri mwanzoni, ila "Way Over Yonder" na "A Natural Woman" zinakwaruza, hasa herufi "s". Jamaa amenishauri niweke sarafu juu ya kichwa cha sindano. Nifanye hivyo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, tafadhali! Sarafu huongeza gramu kadhaa pale ambapo zinatakiwa mbili tu, na mifereji ikishalika haitengenezeki tena.

Nyimbo ulizozitaja ni za mwisho kila upande, na hapo ndipo santuri yoyote hupata shida. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Mawimbi yaleyale ya sauti yanabanwa mahali padogo, na sindano iliyochakaa au iliyokaa upande inashindwa kuyafuata. Tapestry ina nyimbo 12 katika dakika 44 hivi, kwa hiyo mifereji inasogea karibu kabisa na lebo.

Anza na usafi. Maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kwa kuzunguka kufuata mfereji, usilowanishe lebo, suuza, kisha isimamishe wima ikauke kivulini. (Spiriti usiiguse kabisa kwenye zile santuri nzito za kasi ya 78, maana inayeyusha lakiri yake.) Halafu pima uzito ambao mkono wa mashine unaikandamizia sindano, kwa mizani ndogo ya sindano. Kila kichwa kina kipimo chake: Audio-Technica AT-VM95E, kwa mfano, hutaka gramu 2.0, na haipaswi kuzidi 2.2. Uzito pungufu nao ni hatari, kwa sababu sindano hurukaruka na kuchonga kuta za mfereji. Ukisharekebisha na bado inakwaruza, jaribu santuri nyingine. Ikilia safi hadi mwisho, basi nakala yako ililiwa na sindano mbovu ya mwenyewe wa kwanza, na dawa ni kutafuta nyingine.

SWALI: Nikishaizoea Tapestry, nitafute albamu gani?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Blue ya Joni Mitchell, 1971, bila kusita. Joni anaitikia kwenye Tapestry, na ndani ya Blue utawakuta tena Taylor na Kunkel. Ukitaka kuipiga kwa gitaa, jua kwamba katika nyimbo nyingi za Joni nyuzi za gitaa hazifungwi kwa mpangilio wa kawaida. "Little Green" ni G ya wazi: kutoka uzi mnene, D G D G B D. Legeza nyuzi tatu tu, wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa toni nzima.