Taa za mbele zikififia, anza na waya wa bodi

Aliyewahi kuendesha usiku kutoka Malindi kwenda Garsen anakijua kiza cha barabara ile ukishavuka daraja la Sabaki. Ng'ombe, punda, baiskeli isiyo na taa, vyote hukutokea ghafla. Ndiyo maana huniuma kumsikia dereva akisema taa zake zinamulika kidogo lakini zinamtosha. Hazimtoshi. Na katika magari mengi ninayoletewa hapa mjini, balbu haina kosa lolote: chumvi ndiyo iliyokula pale waya unapofungwa kwenye bodi.

Umeme ukitoka kwenye betri hupita fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi, ukawasha balbu, kisha lazima urudi betrini. Njia ya kurudi ni bati la gari lenyewe, yaani bodi, na waya unaoiunganisha taa na bati hilo ndio waya wa bodi. Watu huikagua njia ya kwenda wakaisahau ya kurudi, na huko ndiko upepo wa bahari unakofanya kazi yake kimyakimya. Magari ya Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, huumia zaidi, pamoja na pikapu za samaki zinazovuja maji ya barafu njia nzima.

Kabla hujashika spana, liegeshe gari mbele ya ukuta usiku, uwashe dimu (taa za karibu), kisha fulu (taa za mbali). Taa moja ikiwa imekufa kabisa na ya pili nzima, tazama balbu, soketi na fyuzi ya upande huo. Dimu zote mbili zikikataa na fulu zinawaka, balbu mbili kuungua pamoja ni nadra, kwa hiyo nenda kwenye swichi, rilei na fyuzi. Lakini taa ikiwaka wekundu-wekundu, au indiketa ikipiga nayo ikapepesa, hapo usihangaike kwingine. Ni waya wa bodi.

Mzee mmoja mwenye pikapu ya samaki aliniambia, "Mwanangu, balbu nimebadilisha mpaka nimechoka, taa ni ileile." Nikamwambia, "Mzee, washa taa na uziache zikiwaka." Nikaweka waya mmoja wa mita ya kupimia volti kwenye kichwa hasi cha betri, wa pili kwenye pini ya bodi nyuma ya balbu. Pale panatakiwa pasome karibu na sifuri, na kipimo kikizidi nusu volti pana tatizo. Palisoma volti 2. Ile bolti nyuma ya taa ukiitazama imekaza vizuri, hata rangi ingalipo. Nilipoilegeza, chini ya kile kipete cha waya, pete ya chuma inayopitisha bolti, kulikuwa na unga mweupe wenye kijani, na bati limeota kutu. Nikapiga msasa bati na kipete mpaka vikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu yake. Mita ikashuka karibu na sifuri, na taa ikawa nyeupe.

Msidharau volti 2. Volti ikipungua kwa asilimia 10 tu, balbu ya kawaida hupoteza takriban asilimia 30 ya mwanga wake.

Na upimaji wenyewe lazima ufanywe taa zikiwaka. Ukichomoa balbu ukapima soketi tupu, waya uliobakia uzi mmoja wa shaba bado utakuonyesha volti 12 kamili, nawe utasema mambo yako sawa. Mzigo ndio unaoufichua ubovu.

Jambo moja huwapoteza hata mafundi: kwenye Toyota nyingi za zamani, umeme chanya hufika kwenye balbu kwanza, na swichi ya dimu na fulu ndiyo inayofunga njia ya kwenda bodi. Tesita, kile kitaa cha kupimia umeme, itawaka kwenye pini usizozitarajia. Si shoti, na waya wa bodi wa kukagua hapo ni ule wa swichi.

Tafadhali, msitibu taa hafifu kwa balbu kubwa. H4, balbu yenye dimu na fulu pamoja, kwa kawaida ni wati 55 dimu na 60 fulu. Ukiweka ya wati 100 kwenye waya zilezile, soketi hugeuka kahawia, kisha huyeyuka. Fyuzi ikikatika nayo, usiifunge kwa karatasi ya sigara. Gari huwaka moto kwa njia hiyo. Balbu zikiungua mara kwa mara, pima betri injini ikinguruma: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa, ikizidi 15 mpelekee fundi aikague alteneta, ile inayochaji betri.

Mnaoacha magari Mokowe mkavuka kwenda Lamu kwa wiki kadhaa, mkirudi washeni taa mchana kweupe, mziangalie zote mbili kwa karibu kabla ya kushika njia ya Witu. Kipande cha msasa na spana ya namba 10 viwe ndani ya gari.